Muhuri wa Siku ya Tatu

"Nyigu, hapa Mnara. Unamwona?"

"Naona vumbi lake."

"Sitaki vumbi. Nataka gari."

Sinan akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma, mshale ukapita mia na hamsini. Mbele yake Hilux nyeupe ilikuwa ikiyumba kati ya malori ya saruji, ikielekea kusini, njia ya Basra. Dakika kumi zilizopita ilikuwa imevunja kizuizi cha polisi nje ya mji wa Amara. Askari wawili walirukia mtaroni kuokoa roho zao.

Lori moja likampisha. La pili halikumpisha.

Sinan akapita upande wa mchanga, magurudumu mawili barabarani, mawili nje. Akateremsha kioo. Akatoa Glock kwa mkono wa kushoto.

Risasi moja.

Gurudumu la nyuma la Hilux likapasuka. Gari likazunguka mara mbili, likachomeka pua kwenye shina la mtende.

Dereva akatoka mikono ikiwa juu. Alikuwa mtu wa makamo, kandambili mguu mmoja.

"Usiniue, ami. Mimi dereva tu."

"Sanduku liko wapi?"

"Nyuma. Chukua. Chukua hata gari."

Sinan akalivunja kufuli kwa kitako cha bastola. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe, kimefungwa vizuri kama zawadi ya harusi. Akakifungua.

Matofali.

"Nani alikupa mzigo huu?"

"Mzungu mmoja. Profesa. Aliniambia nikimbie tu. Nikimbie mpaka nikamatwe, na nikikamatwa nisibishe. Kubisha sijabisha, ami. Umeona mwenyewe."

Sinan akachukua redio.

"Mnara, hapa Nyigu. Ni chambo. Matofali."

Sauti ya Kanali Muntasir, mkuu wake, ikarudi polepole.

"Barabara zote zimefungwa tangu saa kumi na mbili. Hakuna mwingine aliyepita. Basi kitabu hakijatoka Amara."

"Hakijatoka."

"Sinan."

Kanali hakuwahi kumwita kwa jina lake hewani. Hata siku moja.

"Imekuja simu kutoka kwenu. Mama yako amefariki alfajiri. Wamemzika saa tatu."

Sinan akatazama Casio yake.

Saa tatu na dakika arobaini.

*

Aliitwa saa kumi na mbili asubuhi, akiwa mjini Kut katika kazi nyingine. Amri ilikuwa fupi: Lango la Maji limeibiwa. Hakuhitaji kuelezwa. Yeye mwenyewe alikuwa Msabai, mtu wa dini ile ya kale inayoabudu kwa maji ya mto, mwana wa mfua fedha wa Amara, na kitabu hicho alikijua kabla hajajua kusoma.

Kitabu cha Lango la Maji hakikuwa cha karatasi. Kilikuwa mabamba arobaini ya madini ya risasi, membamba kama ganda la komamanga, yaliyochorwa herufi kwa ncha ya sindano. Ndani yake mlikuwa na hadithi za ulimwengu wa nuru na ulimwengu wa giza, na mazinguo ya homa, ya nge, ya jicho baya, na ya mtoto anayeogopa giza. Nakala nyingine hapakuwa nayo. Kilikaa katika nyumba ya ibada ukingoni mwa mto Dijla, ndani ya kasha, na funguo alikuwa nazo Sheikh Salwan.

Alfajiri ile Sheikh aliitwa mbio kwa mwanamke anayekufa. Alipoondoka, mtu akaingia.

Mwanamke yule alikuwa Maliha. Mama yake Sinan.

Na Sinan alikuwa ameingia Amara saa mbili kasoro, akapita mtaa wa pili kutoka nyumbani kwao, akasimama kizuizini akimsubiri mwizi. Alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka sita. Alijiambia kazi ikiisha atapita.

*

Ua ulikuwa umejaa watu waliokaa kimya. Hakuna aliyepiga ukemi. Mikeka, sinia la mkate wa mchele, samaki wa kuchoma ambaye hakuna aliyemgusa.

Badria, mdogo wake mama, alimpokea mlangoni. Hakumkumbatia. Alimshika kidevu kwanza, akamgeuza usoni kwenye mwanga.

"Nione macho."

"Sijalia, mama mdogo."

"Usilie. Kila chozi ni maji katika mto atakaouvuka. Dada yangu amechoka, usimwongezee mto." Ndipo akamwachia. "Umechelewa."

"Nilikuwa kazini."

"Kazi yako haina mama?"

Sinan akakaa kwenye mkeka.

"Alikutaja?" akasema Badria, akijiuliza mwenyewe swali ambalo Sinan aliliogopa. "Alikutaja. Alisema Sinan akija mpeni bata, msimpe samaki, samaki wa siku hizi wana miiba. Basi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Nilimwosha akiwa hai, nikamvika nguo nyeupe akiwa hai, kama itakiwavyo. Nilimnyanyua kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, Sinan. Alikuwa amekwisha kama unyasi."

"Unyasi gani huo?" akadakia Mzee Sabti kutoka pembeni. Alikuwa mmoja wa wabebaji wanne wa maiti, mtu wa miaka sitini na tano, na alikuwa akijikanda bega kwa mafuta. "Bega langu limeteguka. Miaka thelathini nawabeba watu wa mji huu. Nilimbeba Naji seremala, aliyekula bata mzima kila Jumapili, yeye na bata wake wote. Leo Maliha kanishinda."

Watu wawili watatu wakatabasamu kwa siri.

"Mwenye haki huwa mzito," akasema Sheikh Salwan.

"Basi Mungu anichukue na madhambi yangu, mabega yenu yapumzike."

Sinan alikuwa ameinua bilauri ya chai. Akaiteremsha bila kunywa.

"Nani alifunga jeneza?" akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kutoa shukrani.

"Dakhil, nani mwingine?" akasema Badria. "Mwanangu peke yake ndiye anayejua kufunga matete siku hizi. Vijana wengine wako Sydney, wanafunga mikanda ya viti vya gari."

Dakhil alikuwa akipita na sinia la chai. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mwembamba, ndevu changa.

"Pole, kaka," akasema.

"Pole wewe uliyekuwepo," akajibu Sinan.

Hakuuliza tena. Hesabu ilikuwa imekwisha kichwani mwake. Mabamba arobaini ya risasi yana uzito wa kilo ishirini na mbili. Vizuizi vyote vilikuwa na mashine za kunusa madini. Palikuwa na mahali pamoja tu Amara ambapo polisi hathubutu kupekua, na ambapo Msabai mwenyewe harudi. Wasabai hawazuru makaburi. Mwili ni ganda. Roho ikishaondoka, nani atakwenda kulitembelea ganda?

Lakini roho haiondoki siku ileile. Siku tatu inakwenda na kurudi kati ya kaburi na nyumba, kama mtu aliyesahau kitu. Kwa hiyo Sheikh huweka bonge la udongo juu ya kaburi na kuligonga muhuri kwa pete yake ya chuma yenye simba, nge, nyigu na nyoka. Siku ya tatu, kabla ya jua, huukata kwa kisu. Hapo ndipo roho inapewa njia.

Ukivunjwa kabla, roho inapotea. Haiko huku, haiko kule.

Leo ilikuwa Jumanne. Muhuri ungekatwa Alhamisi.

Nokia ya Dakhil ilikuwa imelala karibu na birika. Sinan akainuka kumimina chai, mgongo wake ukiukinga mkono wake. Mfuniko wa nyuma, betri, kidude kidogo kama punje ya dengu, betri, mfuniko.

Sekunde tisa.

*

"Mnara, hapa Nyigu. Nimejua kilipo."

"Wapi?"

"Kaburini kwa mama yangu."

Kanali akavuta pumzi.

"Pole. Fukua."

"Muhuri haujakatwa. Alhamisi."

"Sinan, nakuambia fukua."

"Wanunuzi watakifuata wenyewe. Tukisubiri, tutampata na Profesa."

Hilo lilikuwa kweli. Halikuwa sababu. Wote wawili walijua.

"Waziri anasubiri kitabu chake," akasema Kanali.

"Mtandao ni mbaya huku."

Mtandao ulikuwa safi. Sinan akazima.

*

Simu aliyoitegea ililia Jumatano saa nne asubuhi. Sinan alikuwa ndani ya gari, kidude cha kusikilizia sikioni, mkate mkavu mkononi.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Voss. Profesa Voss, mtu wa ng'ambo, mwenye Kiarabu cha kujifunza vitabuni, kila neno limepigwa pasi. Faili lake makao makuu lilikuwa na kurasa tisini. Popote alipopita, vitu vya kale vilihama.

"Leo, Dakhil. Saa saba mchana. Watu wote watakuwa wamelala."

"Profesa, tulikubaliana Alhamisi."

"Tulikubaliana kabla dereva wangu hajakamatwa. Leo."

"Muhuri haujakatwa."

"Ni udongo. Kipande cha udongo."

"Ni mama yangu mkubwa." Sauti ya Dakhil ilikatika, ikaunganika. "Nilikupa kitabu. Nilikiweka chini ya mgongo wake kwa mikono yangu, Mungu ananiona. Nikakwambia hakuna atakayekigusa siku tatu, na baada ya siku tatu ni chako. Usinifanyie hivi."

"Mkeo yuko Amman muda gani?"

"Miaka miwili."

"Na watoto?"

"Wawili, wako naye."

"Viza zenu nne ziko mfukoni mwangu. Zina tarehe ya mwisho. Udongo hauna."

"Alhamisi jua likichomoza nitakufukulia kwa kucha zangu. Leo siwezi. Niombe kingine."

"Sikukuomba wewe ufukue," akasema Voss.

Simu ikakatwa.

Sinan akatoa kidude sikioni. Mwizi alikuwa ameiba kitabu cha watu wake wote, akakubali kukiuza, akakilaza chini ya maiti. Na sasa alikuwa amekwama kwenye bonge la udongo.

Sinan hakumcheka. Yeye mwenyewe alikuwa amekwama palepale.

*

Joto lilikuwa digrii hamsini. Makaburi yalikuwa nje ya mji, kwenye mapindo ya mto, hatua mia tatu kutoka majini. Hapakuwa na mti. Sinan alilala kifudifudi nyuma ya ukuta mfupi wa udongo, darubini ya Steiner machoni, jasho likimchuruzika masikioni.

Kaburi la mama yake lilikuwa la mwisho upande wa kaskazini. Bonge la udongo lilikuwa limekauka juu yake.

Saa sita na nusu, gari kubwa jeusi aina ya Jimsi likaingia bila kupunguza mwendo.

"Mnara, wamekuja mapema. Watatu. Vijana wako wako wapi?"

"Dakika kumi na tano."

"Sina kumi na tano."

"Usianze peke yako."

Voss akashuka, kofia ya mkeka, miwani ya Ray-Ban. Mtu mmoja alikuwa na koleo. Wa pili alikuwa na Kalashnikov, ameining'iniza begani kama mfuko wa sokoni.

Ndipo Sinan akamwona Dakhil.

Alikuwa akija kwa miguu kutoka upande wa mto, anakimbia, shati limemgandama. Mkononi hakuwa na kitu. Akawapita wote watatu, akasimama mbele ya kaburi, akihema.

Sinan akakandamiza kidude sikioni. Simu ilikuwa mfukoni mwa Dakhil. Kila neno lilifika.

"Ondoka," akasema Voss.

"Alhamisi."

"Dakhil, wewe ni mtu uliyesoma."

"Alhamisi, Profesa. Kesho tu. Lala hotelini, amka, kunywa chai, njoo."

Mwenye koleo akacheka. "Huyu ni mwizi au mlinzi?"

"Mwulize mwenyewe, hata yeye hajui," akasema mwenye bunduki.

Mwenye koleo akasogea. Dakhil akageuka, akalala juu ya kaburi. Alilala kifudifudi, akalifunika bonge la udongo kwa kifua chake, akashika ardhi kwa vidole kumi.

Akapigwa teke la mbavu. Hakuinuka.

La pili.

"Mwembamba, lakini mzito," akasema mwenye koleo.

Mwenye Kalashnikov akaishusha bunduki begani. Akaielekeza chini, kwenye mgongo wa Dakhil. Labda alitaka kumtisha tu. Sinan hakuwahi kujua, na swali hilo lilikaa naye.

Akainuka.

"Silaha chini! Idara ya Ujasusi!"

Mwenye bunduki akashtuka. Mtutu haukupanda. Sinan akafyatua kama alivyofundishwa, mkono wa bunduki, hatua arobaini, risasi moja. Haikukosa.

Lakini vidole vya yule mtu vilikaza.

Risasi tatu zikatoka zenyewe, zote chini.

Mwenye koleo alikuwa ameshaitupa na kupiga magoti. Mwenye bunduki alikuwa akiangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. Voss akainua mikono taratibu, pasipoti katika mmoja wao.

"Mimi ni mtafiti. Nina haki ya kuonana na ubalozi wangu."

Sinan akamfunga pingu kwenye bamba la mbele la Jimsi. Chuma kilikuwa kinaunguza.

"Jua la Amara halisomi pasipoti, Profesa."

Kisha akapiga magoti kando ya kaburi.

*

Dakhil alikuwa hai. Damu ilikuwa ikitoka chini ya mbavu, nyingi, bila haraka.

"Muhuri?" akauliza.

Sinan akamgeuza kidogo. Bonge la udongo lilikuwa na jasho na damu. Simba, nge, nyigu, nyoka.

"Mzima."

"Nimelalia vizuri?"

"Umelalia vizuri."

Hakuwa na nguo nyeupe. Hakuwa ameoshwa. Hapakuwa na sheikh. Kwa Msabai hakuna kifo kibaya kuliko hicho, na wote wawili walikuwa wamelijua hilo tangu wakiwa watoto wa kukimbizana pembezoni mwa mto huohuo. Sinan akamwinua mikononi.

Hatua mia tatu.

Alizikimbia.

"Kaka."

"Usiseme."

"Nyumba kumi na tisa tu. Tumebaki nyumba kumi na tisa. Nikasema, kitabu kitasomewa nani? Nikasema, afadhali wanangu kuliko mabamba."

"Najua."

"Mke wangu Siham utamwambia nini?"

"Ukweli."

"Usimwambie wote."

Maji yakafika magotini, kiunoni. Yalikuwa baridi ajabu. Damu ikafunguka ndani yake kama kitambaa.

"Nisomee lile zinguo la hofu," akasema Dakhil. Alikuwa ameanza kutetemeka. "Mama mkubwa alikuwa anakuleta wewe kwa Sheikh usomewe, nami nakaa mlangoni nasikia bure."

Sinan hakuwa amelitamka zinguo lile kwa miaka thelathini. Alidhani limekwisha kichwani. Halikuwa limekwisha.

"Giza, nakujua jina. Jina la mama yako nalijua. Nimekuja na maji mkononi na nuru chini ya ulimi. Fungua njia, mtoto apite. Mtoto ni mdogo, hana deni nawe..."

Akamzamisha mara ya kwanza.

"Fungua njia, mtoto apite."

Mara ya pili.

Alipomzamisha mara ya tatu, aliyeibuka hakuwa Dakhil tena.

*

Polisi walifika, wakawachukua Voss na watu wake. Kanali alipiga simu mara sita. Ya saba Sinan akapokea.

"Profesa tunaye. Kazi nzuri. Sasa fukua."

"Kesho kabla ya jua."

"Hii ni amri, Nyigu. Nitakufukuza kazi."

"Kesho mchana nitakuwa na nafasi ya kufukuzwa. Leo nina zamu."

Akakaa kando ya kaburi, Glock mapajani, mpaka nyota zikapauka.

Sheikh Salwan alikuja na kisu chake, mnyororo na pete ya chuma, na wabebaji watatu nyuma yake. Hakuuliza neno. Aliinama, akakata udongo kwa mkato mmoja, akamwita marehemu kwa jina lake la maji, alilopewa mtoni utotoni, na jina la mama yake, akamwambia njia ni nyeupe.

Walisikiliza. Hapakuwa na upepo.

"Ameondoka," akasema Sheikh.

Ndipo wakafukua. Mabamba yalikuwa chini ya mkeka wa matete, yamefungwa ngozi. Sinan aliyatoa bila kutazama uso wa mama yake. Alitaka kutazama. Akaona haya. Miaka sita hakuja kumtazama akiwa hai. Si haki kumtazama sasa.

Sheikh aliingia mtoni na nguo zake, akayaosha mabamba moja moja, arobaini, kwa sababu yalikuwa yamelala na maiti. Karatasi isingeweza. Wazee walijua walichokuwa wakifanya walipochagua risasi.

Jua lilipotoka kitabu kilikuwa kimeanikwa ukingoni, kinang'aa kama samaki.

"Kitabu tumekipata," akasema Mzee Sabti. "Na mwizi? Nani atambeba mwizi?"

Dakhil alikuwa amelazwa nyumbani kwa mama yake tangu jana.

"Alikufa amelalia muhuri," akasema Sheikh.

"Alikufa bila nguo."

"Alikufa majini."

"Bila sheikh, Sheikh. Mimi sisemi kwa chuki. Nilimfundisha mimi kufunga matete. Nasema sheria."

"Tutamsomea mara mbili. Sheria inakubali." Sheikh akavua pete, akaifuta kwa upindo. "Shida si hiyo. Wabebaji ni wanne, wasafi, wa damu yetu. Wa nne alikuwa yeye."

Wakatazamana. Nyumba kumi na tisa. Wazee, wajane, watoto wa shule.

Badria alikuwa amekuja bila kusikika. Alikuwa amebeba kanzu nyeupe iliyokunjwa. Ndani ya siku tatu alikuwa ametoa dada na mwana, na macho yake yalikuwa makavu kama jiwe la kuchomea mkate.

"Sinan. Risasi zilitoka kwenye bunduki ya nani?"

"Ya mtu wa Profesa."

"Na wewe ulifanya nini?"

Angeweza kukomea hapo. Hakuna aliyeona. Ripoti aliyoipeleka usiku ilisema mshukiwa alifyatua.

"Nilimpiga mkono, mama mdogo. Nilipompiga, bunduki ikalia."

Mzee Sabti akatazama mchanga. Sheikh akafumba macho.

Midomo ya Badria ilikuwa ikisogea, kama mtu anayehesabu vitu vilivyobaki nyumbani.

"Ulipomfikisha majini alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama muhuri ni mzima."

Akamtupia ile kanzu. Ilimgonga kifuani.

"Ingia mtoni, Sheikh akuzamishe. Kisha uje umbebe umtoe nyumbani kwangu, uwe wa nne. Bata hupati. Bata nilimchinja kwa ajili ya mwanangu."

"Mama mdogo..."

"Usiniite sasa. Nitakwambia lini uniite."

Akageuka, akaenda zake.

Sinan akaiweka Glock kwenye kiti cha Land Cruiser. Akaweka Casio. Akaweka redio, nayo ikakoroma.

"Nyigu, hapa Mnara. Kitabu kiko wapi?"

"Kwa wenyewe."

"Gari la makumbusho liko njiani kukichukua."

"Litakuta watu wako msibani. Lisubiri nje."

Kanali alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevua kofia.

"Ripoti kamili naipata lini?"

Sinan alitazama ng'ambo ya uwanja. Sheikh alikuwa tayari majini, fimbo mkononi, anamngoja.

"Jumamosi," akasema. "Muhuri wa Dakhil ukishakatwa. Na ile ya jana ichane, Kanali. Ina uongo."

Akazima redio, akafunga mlango wa gari, akateremka mtoni bila kugeuka nyuma.